Mtego wa Koili Nne kwa Koyote wa Nchi ya Vichaka: Chuma Kizuri, Mnyororo Usiofaa

Mtego ninaoutathmini hapa ni ule wa kukamata mguu wenye koili nne, yaani springi nne za kusokotwa, ambao taya zake zimeongezwa unene kwa vyuma vya kuchomelea na huacha mwanya mdogo zinapofunga. Wafugaji wengi wa mbuzi na kondoo wa kusini mwa Texas wanaosumbuliwa na koyote, mnyama wa mwitu wa jamii ya mbwa wa Amerika Kaskazini, huuchagua kabla ya mwingine wowote. Viwanda kadhaa huutengeneza kwa vipimo vinavyokaribiana sana, na kwa kuwa tofauti kati ya kiwanda na kiwanda ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtego ulioandaliwa na ule uliotolewa tu katoni, sioni sababu ya kushindanisha chapa. Hukumu yangu naitoa mapema: chuma chenyewe kina thamani ya fedha yake, lakini mnyororo unaokuja nacho haufai kwa nchi ya vichaka, na mnunuzi asiyekuwa tayari kuubadilisha afadhali anunue matanzi ya waya na fedha inayobaki aiweke.

Nchi yenyewe lazima ielezwe, kwa sababu mtego unaosifiwa katika mashamba ya ngano ya Kansas unaweza kumwangusha mtu kusini mwa Texas. Kusini mwa San Antonio, kuteremka hadi kingo za mto Rio Grande, ardhi imefunikwa na mesquite, mti wa miiba wa jamii moja na mathenge, uliochanganyika na mipungate, huisache, granjeno na vichaka vingine ambavyo karibu vyote vina miiba, na mahali pengi mtu hapenyi bila kuinama. Wenye ranchi hufyeka mikuza mirefu iliyonyooka, ambayo huko huitwa sendero, ili magari yapite, mifugo ihamishwe na wawindaji waone mbali. Magari yakishaondoka jioni, mikuza hiyo huwa barabara za koyote. Hilo ndilo linalofanya utegaji uwezekane hata kidogo: katika maelfu ya ekari zisizopenyeka, mapito ya mnyama hubanwa yakawa machache, nayo hujulikana na yeyote anayesoma nyayo, iwe ni makutano ya mikuza miwili, pembe ya geti, tuta la bwawa la kunyweshea ng'ombe, mchanga wa kijito kikavu, au shimo lililochimbwa chini ya uzio wa wavu.

Koyote mzima wa Texas kwa kawaida ana uzito wa ratili 25 hadi 40, yaani kilo 11 hadi 18 hivi, na wayo wake wa mbele una urefu wa takriban inchi mbili na nusu. Sehemu kubwa ya chakula chake ni panya, sungura, wadudu, mizoga na matunda, yakiwemo maganda ya mesquite na matunda ya mpungate, na si kila koyote ni mwuaji wa mbuzi. Anayeua huuma koo, na vitoto vya mbuzi humvutia zaidi wakati wa masika, kwa kuwa watoto wake huzaliwa kati ya Aprili na Mei baada ya mimba ya takriban siku 63, na jozi yenye watoto wanaolia njaa huwinda kwa bidii nyingine. Ndiyo maana mtego wa mguu bado una nafasi yake hata pale ambapo helikopta na bunduki zipo: unaweza kuwekwa katika kitalu kilekile ambamo mzoga umeonekana asubuhi, ukamlenga mnyama anayerudi humo, badala ya kupunguza koyote wa wilaya nzima bila kujua kama mhusika yumo.

Nianze na taya, kwa sababu ndizo zinazohalalisha bei. Mtego mzuri wa koyote hufunguka kwa upana wa kati ya inchi tano na nusu na sita hivi, kiasi kinachotosha kuupokea wayo mzima na kuushika juu ya vidole, penye mwili wa wayo, badala ya kunasa ncha za vidole viwili ambavyo mnyama atavichomoa akavuta na kuondoka na elimu. Vyuma vilivyochomelewa kandokando ya taya huongeza unene wa sehemu inayogusa ngozi, hivyo nguvu ya springi husambazwa mahali papana zaidi, na ule mwanya wa takriban robo inchi unaobaki taya zikifunga huziruhusu kuukamata mguu bila kuukata. Mtu anayeutazama mtego huu mara ya kwanza hudhani mwanya huo ni kasoro ya kiwanda. Si kasoro: Muungano wa Mashirika ya Samaki na Wanyamapori wa Marekani, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukipima mitego kwa vigezo vya majeraha, ufanisi na usalama, umeorodhesha taya zilizopanuliwa na zenye mwanya miongoni mwa aina zinazofaa kwa koyote. Kingo za taya za mitego niliyoishika zilikuwa laini, isipokuwa mahali palipochomelewa, ambapo katika baadhi palibaki vijidonge vya chuma. Tupa la mkono huviondoa kwa dakika chache, na ni aibu kidogo kwamba kazi hiyo anaachiwa mnunuzi.

Kuna wanaopendelea taya zilizovikwa mpira. Nao wana hoja, hasa katika ranchi yenye mbwa wengi, lakini mpira huliwa na jua la Texas, hutafunwa na wanyama na huhitaji kubadilishwa, na uchafu ukishikamana nao mtego hufunga kwa uvivu.

Koili nne ni jambo ambalo wauzaji hulitia chumvi. Mtego wa koili mbili zenye nguvu humshika koyote wa kawaida vizuri, na kazi ya koili mbili za ziada ni kuhakikisha kwamba taya zinapenya haraka kwenye udongo mzito na kwamba wenzo zinapanda juu kabisa na kubaki hapo mnyama anapovuta. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao baada ya mvua hushika kila kitu kama ulimbo, tofauti hiyo inaonekana wazi; katika mchanga mwepesi wa upande wa pwani, kwenye kaunti za Brooks na Kenedy, haionekani kabisa. Anayeishi mchangani anaweza kununua wa koili mbili na asipoteze lolote. Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi ni kitako: bamba la chini liwe limeimarishwa kwa chuma cha pili, na pete ya mnyororo iwe katikati ya kitako, si pembeni, ili mnyama akivuta, mvuto uwe mnyoofu na mguu usipindwe. Mitego hii ya siku hizi mingi imekamilika katika hilo. Ukiilinganisha na ile mizito ya springi ndefu bapa, iliyopata sifa kwa jina la Newhouse na kutengenezwa Oneida, New York, tangu karne ya 19, unaona mara moja kwa nini ya koili imeipiku: ile ya zamani ina mbawa mbili ndefu zinazodai shimo kubwa, na katika ardhi ya mawe kila inchi ya kuchimba ni jasho.

Kisahani cha kukanyagwa ni sehemu ndogo yenye uzito mkubwa katika tathmini hii. Mtego unapotoka dukani kisahani huwa kimelegea kiasi kwamba panya buku anaweza kuufyatua, na katika nchi iliyojaa kicheche, rakuni, sungura na ndege wanaopekua udongo, mtego wa namna hiyo utakutwa umefunga mtupu, au umemkamata asiyehusika, usiku ambao koyote alipita. Mtego ninaoutathmini una skrubu ya kukaza kisahani, na shauri langu ni kuikaza hadi kihitaji ratili mbili kwa uchache, na hata nne mahali penye wanyama wadogo wengi, na kupima kwa mzani badala ya kidole, kwa kuwa kidole hudanganya. Koyote anayeweka mguu kwa utulivu huleta uzito huo bila shida. Pengo dogo ambalo ulimi wa kifyatuo hukaa ndani yake lilikuwa limekatwa vizuri, hivyo kisahani hakiporomoki polepole kabla ya kufyatuka: kinakaa imara, kisha kinaachia mara moja. Huo ndio mwenendo unaotakiwa, kwa sababu koyote anayehisi ardhi ikizama chini ya wayo huuondoa haraka kuliko taya zinavyoweza kupanda.

Sasa mnyororo. Mtego huuzwa ukiwa na mnyororo mfupi wenye pingili mbili zinazozunguka, ukikusudiwa kufungwa kwenye kigingi cha nondo kilichogongelewa ardhini chini ya mtego. Katika uwanda wazi hiyo ni njia nzuri, maana mnyama hubaki palepale na eneo la kukagua ni dogo. Katika nchi ya vichaka ina kasoro tatu zinazofuatana. Kwanza, ardhi ya chokaa ngumu, ambayo huko huitwa kaliche, hukataa kigingi baada ya inchi chache, na katika mchanga kigingi kilekile hung'oka kwa urahisi uleule kilioingia, hivyo inabidi vigingi viwili vilivyoegeshwa kwa mshazari. Pili, koyote aliyefungwa mahali pasiposogea hupigana na kitu kisichoachia hata kidogo, na kila mruko wake unaishia mguuni. Tatu, na hili wengi hawalifikirii hadi liwapate, mnyama aliyeshikwa katikati ya mkuza huonekana na kila anayepita, huharibu mahali pa kutegea kwa duara la udongo uliochimbuliwa, na huanikwa juani.

Dawa yake ni nanga: chuma chenye ndoano mbili kinachofungwa kwenye mnyororo wa futi sita hadi nane. Koyote akikamatwa huondoka nayo, nanga huacha mfereji unaofuatika kwa macho, na baada ya hatua chache tu inashika mesquite au granjeno. Mnyama hujikuta ndani ya kivuli, amefichwa, akivuta matawi yanayopinda na kurudi badala ya chuma kilichokita ardhini, na kwa kawaida hutulia na kulala chini. Vichaka vinavyomchosha mtegaji katika kila kazi nyingine, katika hii humfanyia kazi. Nanga ina masharti yake: pingili zinazozunguka zisipungue tatu, moja chini ya kitako, moja katikati ya mnyororo na moja kwenye nanga, la sivyo mnyororo uliojisokota kwenye mashina utakuwa sawa na mfupi, mahali pawe na vichaka vya kutosha, kwa kuwa katika mbuga wazi nanga haishiki na unaweza kumfuata mnyama hadi ranchi ya jirani, na anayekagua awe anaweza kusoma mfereji huo hata juu ya majani makavu. Mimi hupendelea kuongeza springi ya kupunguza mshtuko katikati ya mnyororo, ingawa wazee wa kazi hiyo huicheka kwa kuwa waliishi bila hiyo.

Gharama ya mabadiliko haya si ndogo. Mnyororo mrefu, pingili na nanga, vikijumlishwa, hukaribia bei ya mtego mwingine, na ndiyo maana nasema anayenunua dazeni kwa bei iliyoandikwa kwenye katoni hajanunua bado. Kuna pia usumbufu wa kuficha futi nane za mnyororo. Wengine huchimba shimo refu na kuuzika wote chini ya mtego pamoja na nanga, jambo linalowezekana mchangani tu. Kwenye kaliche ni rahisi zaidi kuchora mfereji mwembamba kutoka kwenye mtego hadi ukingo wa kichaka, kulaza mnyororo humo, kufukia, na kuacha nanga chini ya majani.

Njia inayokubaliana vizuri na mtego huu ni ile ya tundu la chambo, inayoiga mahali ambapo mnyama amefukia mabaki ya chakula. Tundu lenye upana wa inchi tatu hivi huchimbwa kwa mshazari chini ya shina la nyasi au bamba la mpungate lililoanguka, chambo huwekwa ndani na kufunikwa kidogo kwa sufu au nyasi kavu, na mtego hulazwa mbele yake, katikati ya kisahani pakiwa inchi saba hadi tisa kutoka kwenye mdomo wa tundu na kusogezwa inchi moja au mbili upande mmoja, kwa sababu miguu ya mbele ya koyote anayeinama kunusa haikai kwenye mstari wa pua. Kazi ya lile shina la nyuma ni kumzuia asilifikie tundu kutoka nyuma. Mtego lazima ukae bila kutikisika: ukibonyeza pembe yoyote ya taya na ukahisi mtikisiko, ondoa, jaza udongo, shindilia, anza upya, kwa sababu koyote akikanyaga taya ikacheza, hatakimbia tu, bali atachimba na kukuachia mtego juu ya ardhi ukiwa umegeuzwa. Kitako cha mtego huu, chenye pete chini yake, kinadai shimo lenye kina zaidi ya mitego myepesi, na kwenye kaliche nimeona ni muhimu kuwa na nyundo yenye mdomo wa kuchimbia na gunia la udongo mkavu uliochekechwa tayari, kwa maana vumbi la chokaa jeupe lililochimbuliwa hapo halifanani na uso wa ardhi ya jirani.

Upepo hauachwi. Harufu ielekezwe kwenye njia ya mnyama, na mtego ukae pembeni mwa mkuza, upande ambao upepo unatokea, si katikati. Ng'ombe nao ni wadadisi kupita inavyodhaniwa, huja kulamba na kukanyaga kila kitu kinachonuka, hivyo ni heri kuchagua mahali chini ya matawi yaliyoinama ambapo koyote anapita na ng'ombe hapiti. Kinachochosha zaidi katika nchi hiyo, hata hivyo, ni sisimizi wa moto, ambao huikuta nyama ndani ya tundu, wakaimaliza na kufanya makazi katika udongo mlegevu uliouchekecha mwenyewe kwa mikono yako. Kwa sababu hiyo, katika miezi ya joto chambo cha nyama hupoteza maana, na mkojo wa koyote uliodondoshwa kwenye kishina kikavu, mtego ukilazwa mbele yake, hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Mzoga ulio wazi haufai kabisa kuwa chambo: tumbusi na karakara watauona kutoka angani kabla ya mnyama yeyote wa usiku, na ndege hao wanalindwa na sheria ya shirikisho.

Haiwezekani kuutathmini mtego huu kwa haki bila kuuweka kando ya mshindani wake mkubwa, tanzi la waya, kwa sababu bei ya mtego mmoja inatosha kununua matanzi nusu dazeni. Ranchi za mbuzi na kondoo zimezungushiwa uzio wa wavu, koyote hupendelea kutambaa chini yake kuliko kuruka, na shimo analolitumia huwa na manyoya yaliyonaswa kwenye waya kama ushahidi. Tanzi la kebo nyembamba ya chuma likining'inizwa hapo halihitaji chambo, haliathiriwi na mvua wala sisimizi, hubebwa kwa dazeni mkononi, na hutegwa kwa muda ambao mtego wa mguu bado unachimbiwa. Kwa kazi ya uzio, mtego wa koili nne hauwezi kulishinda, na sioni haya kusema hivyo katika tathmini ya mtego.

Lakini tanzi la shingo halichagui baada ya kukaza. Mbwa wa kulinda mifugo, ambao wafugaji wengi wa Texas sasa huwategemea, hutumia mashimo yaleyale ya uzio, na kulungu mkia-mweupe wa kusini mwa Texas ana tabia ya kutambaa chini ya wavu jambo ambalo mgeni hulikataa hadi alione. Kizuizi cha kuzuia tanzi lisikaze kupita inchi mbili na nusu huuacha mguu wa kulungu utoke, na kiungo dhaifu kinachokatika kwa nguvu ya mnyama mkubwa humwokoa ndama wa ng'ombe, ila hakuna kati ya hivyo kinachomsaidia mbwa. Nguruwe-mwitu kwa upande wake hukata tanzi na kwenda na uzio. Hapo ndipo mtego wa mguu unapojirudishia heshima yake: asiyehusika akikamatwa, mara nyingi anaweza kuachiwa akiwa hai. Nguzo yenye kitanzi cha kumshikia mnyama shingoni na kipande cha turubai cha kumfunika macho viwe ndani ya gari kila siku. Koyote mwenyewe humalizwa hapohapo kwa risasi moja ya bunduki ndogo kichwani, bila kuchelewa na bila mchezo.

Suala la asiyehusika lina uzito wa pekee katika kona ya chini kabisa ya jimbo, kwenye kaunti za Willacy na Cameron, ambako ocelot, paka mwenye madoa aliyeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, bado anaishi katika vichaka vizito vya miiba, baadhi yao wakiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Laguna Atascosa. Katika maeneo hayo sipendekezi mtego huu wala tanzi, hata kisahani kikikazwa namna gani, kwa kuwa uzito wa ocelot mkubwa unakaribia ule wa koyote mdogo na hakuna skrubu inayoweza kuwatofautisha. Kuhusu puma, paka mkubwa wa mwitu wa Amerika, Tume ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas ilipitisha mwezi Mei 2024 kanuni inayokataza kumwacha hai mtegoni zaidi ya saa 36, na kwa kuwa mtego haujui utamshika nani, mtegaji wa koyote katika nchi yenye puma hana budi kukagua kwa kuzingatia muda huo. Koyote mwenyewe hana msimu wa kufungwa katika Texas. Binafsi naona saa 36 ni nyingi mno huko: wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 38, na mtego usiokaguliwa alfajiri usitegwe. Majimbo mengine yana sheria tofauti kabisa, na wapiga kura wa Colorado mwaka 1996 na wa California mwaka 1998 waliiwekea mitego ya aina hii vikwazo vikali, hivyo anayeagiza kwa posta aangalie kwanza jimbo analoishi.

Glavu nzito ni lazima, na si kwa ajili ya harufu tu. Mwaka 1988 kichaa cha mbwa kilizuka miongoni mwa koyote wa kusini mwa Texas na kuenea kaskazini kwa kasi, hadi jimbo lilipoanza mwaka 1995 kudondosha chambo chenye chanjo kutoka kwenye ndege. Aina ile ya ugonjwa ilitokomezwa, lakini kicheche wa huko bado wana aina yao, nao huingia kwenye mitego ya koyote.

Maandalizi kabla ya kutega yanaeleweka vibaya. Mtego mpya hutoka kiwandani ukiwa na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo lazima yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha chuma kiachwe nje kipate kutu nyepesi, ndipo kichemshwe katika rangi ya gome la miti na hatimaye kuchovywa kwenye nta iliyoyeyushwa. Rangi hushika tu penye kutu. Anayeruka hatua hiyo hupata mtego wenye mabaka. Nta huufanya ufunge haraka na huzuia kutu ya mvua za msimu, lakini nta iliyobaki kwenye pengo la kifyatuo hufanya ulimi uteleze na mtego ufyatuke mkononi, kwa hiyo lazima ikwanguliwe kwa kisu kabla ya kutega mara ya kwanza. Kuyeyusha kufanywe nje ya nyumba, chombo kikiwa ndani ya maji au mbali na ndimi za moto, maana mvuke wa nta iliyopita kiasi huwaka. Mitego niliyoipitisha katika utaratibu huu ilishika rangi sawasawa, isipokuwa kwenye zile sehemu zilizochomelewa, ambazo zilichelewa kupata kutu.

Kwa mwenye mbuzi wachache ndani ya kitalu kimoja, mitego minne iliyoandaliwa kikamilifu, yenye minyororo mirefu na nanga, inatosha na ina faida kuliko dazeni iliyobaki na minyororo ya kiwandani. Mwenye ranchi kubwa yenye uzio mrefu na asiye na mbwa wa kulinda aanze na matanzi, na mitego aiweke kwenye mikuza na mabwawa, mbali na uzio. Vipuri vya koili, visahani na ndimi za kifyatuo huuzwa vikiwa mojamoja na ni rahisi kubadilisha kwa koleo. Koili ndizo huchoka kwanza, hasa mtego ukihifadhiwa ukiwa umetegwa. Taya zilizopinda hazinyooshwi. Ikiwa koyote au nguruwe-mwitu amezipinda hadi ule mwanya haulingani upande mmoja na mwingine, kitako na springi vinaweza kutumika kwenye mtego mwingine, lakini taya hizo zitolewe kazini.